Kinga Mvua Kabla ya Kununua Siki

Asubuhi pale Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, Goma hufua hadharani. Vikwembe, yaani vitenge, vimetandazwa juu ya mawe meusi ya lava, blanketi linakamuliwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, na bidoni za manjano zinapandishwa mjini kwa chukudu, ile skuta ya mbao. Jua likishakausha, nguo nyingi hukakamaa kama mfuko wa saruji, na zile nyeupe huwa na rangi ya majivu. Hapo ndipo jirani anapokuja na dawa yake: tia siki, au vinegre kama inavyoitwa na wengi mjini humo. Nguo italainika, rangi itashika, madoa yatatoka.

Kati ya ahadi hizo tatu, ya kweli ni moja, nayo ina masharti.

Chanzo cha ukakamavu ni ziwa lenyewe. Maji ya Kivu, katika nchi ya volkano, yamejaa magnesi na bikaboneti. pH yake iko karibu na 9, kwa hiyo yana tabia ya magadi. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesi hiyo hugoma kutoa povu, kisha huganda na kuwa utando wa kijivu unaong'ang'ania nyuzi. Siki ni tindikali, na tindikali huuvunja utando huo. Blanketi nene na mfarishi wa pamba ndivyo vinavyonufaika zaidi, kwa sababu sabuni hujificha katikati, ikavuta unyevu na kuleta uvundo. Na Goma, mji ulioko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hakulaliki bila kujifunika.

Sharti la kwanza ni wakati. Anayemimina siki na sabuni katika beseni moja amepoteza vyote viwili: tindikali huirudisha sabuni kuwa mafuta, na mafuta hayo hubaki kwenye nguo. Siki hungoja maji ya mwisho ya kusuuza, povu likishakwisha.

Sharti la pili ni hesabu, na hapa wauzaji wa siki hawatafurahi. Bikaboneti ya ziwa huila tindikali. Nusu kikombe cha siki katika lita 20 za maji ya Kivu hupigana na maji kwanza, na kinachobaki kwa ajili ya blanketi ni kidogo mno. Ukiongeza chupa, unaongeza gharama. Maji ya mvua, kwa upande wake, hayana magnesi ya kuigandisha sabuni, na Goma mvua si ya kutafutwa kwa tochi. Tena moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa inayoitia mvua tindikali kiasi cha kuyala mabati ya nyumba. Mlima umekuwa ukitia siki yake bila kudai malipo. Mwenye pipa chini ya paa asuuzie maji hayo ya mvua, mradi maji ya mwanzo yaachwe yapite, maana kutu ya bati ikitua kwenye shuka nyeupe ni balaa jipya.

Kuhusu rangi, kikwembe ni pamba. Tindikali husaidia rangi za aina fulani kushika sufu na hariri, na pengine huko ndiko imani hii ilikotoka, lakini rangi ya kikwembe hukazwa kiwandani au haikazwi kabisa. Kinachochuja kwenye beseni la kwanza hakitazuiwa na siki. Maji baridi na kuanika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, vinafanya kazi zaidi. Doa la mafuta nalo hutolewa na sabuni, si siki.

Jambo la kuogopwa hasa ni javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Tangu kipindupindu cha 1994, klorini si mgeni Goma. Wahudumu huidunga kwa kipimo kidogo katika bidoni za maji kandokando ya ziwa, na kipimo hicho hakina ugomvi na siki. Javeli ya chupa ni habari nyingine. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Kwenye beseni haitakuwa nyingi kiasi hicho, lakini katika chumba cha mbao chenye dirisha dogo, mtoto akiwa amelala pembeni, inatosha kuunguza macho na kubana kifua. Aliyetia javeli asubuhi ili kung'arisha shuka aisuuze mara mbili, amwage maji yote nje, ndipo aiguse ile chupa ya pili. Na kama chupa zote mbili zimejazwa upya bila kibandiko, kwanza aulize ipi ni ipi.