Tabibu Si Nusu ya Daktari

Iko kasumba moja ambayo haijatutoka. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akitangaza kwamba anakwenda kusomea utabibu, majirani humpa pole, kana kwamba udaktari umemshinda. Maneno hayo husemwa Mbinga mjini, na husemwa Mbamba Bay. Lakini mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, wasemaji hao hao humkimbilia tabibu huyo huyo wanayembeza.

Ndugu wananchi, tuulizane: ni nani anayetutibu? Mvuvi wa usipa aliyejeruhiwa ziwani, au mama wa Umatengo aliyebeba mtoto mwenye homa, hapokewi na daktari bingwa. Hupokewa na tabibu katika zahanati. Huyo ndiye anayepima, anayetoa dawa, na anayeamua kama mgonjwa apelekwe Litembo, Liuli au Peramiho. Akikosea uamuzi huo, tunachimba kaburi.

Kazi hiyo haiokotwi njiani. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu ya masomo, na mlango wake ni kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Wala si njia pekee: wapo wauguzi na wakunga, wapo wataalamu wa maabara na wa dawa. Wote ni nguzo za nyumba moja.

Zamani tabibu alikuwa na ngazi ya kupandia. Kuanzia mwaka 1963 nchi yetu ilifundisha madaktari wasaidizi, na matabibu wazoefu waliongezewa miaka miwili ya masomo, wakaweza hata kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mafunzo hayo sasa yamesitishwa. Anayetaka kupanda hana budi kwenda chuo kikuu kwa miaka mitano. Ni vema elimu ikue. Lakini je, mtumishi wa zahanati ya Lituhi ataipata wapi karo ya miaka mitano?

Mwaka 2007 Taifa lilianza mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walifyatua matofali na kusomba mawe. Lakini kuta hazitibu. Zahanati isiyo na tabibu ni ghala tupu, na huku vijana wenye vyeti wanazunguka mijini wakitafuta kazi!

Watakuwepo wa kusema kwamba fedha hakuna. La hasha! Kila msimu kahawa ya Umatengo hutozwa ushuru, na samaki wa Nyasa vivyo hivyo. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zitenge sehemu ya ushuru huo kuwasomesha vijana wa vijiji vyao, kwa mkataba wa kurudi kutumikia. Aliyetumika miaka kadhaa kwa uaminifu apewe nafasi na karo ya kuendelea na udaktari.

Wazee wa Umatengo walitufundisha kilimo cha ngoro: mashimo yanayoizuia mvua mlimani ili isiteremke na udongo wetu. Walijua kwamba mali isiyozuiliwa huporomoka. Vijana wetu wanaporomokea mijini kwa sababu hatukuwachimbia ngoro.

Tuache kuwapa pole wanaokwenda kusomea utabibu. Tuwape karo, tuwape nyumba, tuwape heshima. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwagongea mlango usiku.