Fahali wawili zizi moja: Funzo la uwanja wa Tottenham kwa kaunti ya Isiolo

WAHENGA walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Klabu ya Tottenham Hotspur ya Uingereza imetumia takriban pauni bilioni moja kuonyesha kwamba wanaweza kukaa, mradi zizi lenyewe lijengwe kwa ajili yao wote wawili tangu mwanzo. Uwanja wake mpya, uliofunguliwa Aprili 3, 2019 kaskazini mwa London, ni makao ya kandanda na vilevile ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kinga za mabega.

Huenda habari hiyo ikaonekana kuwa ya mbali kwa mkazi wa Isiolo, mji ulio takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi. Hata hivyo, swali lililoikabili Tottenham ndilo linalozikabili kaunti za Kenya kila zinapopanga kujenga viwanja: mahali pamoja patatumiwaje na wengi bila kuharibika, na ni nani atakayegharimia? Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti jukumu la vifaa vya michezo. Kwa hivyo, jibu la swali hilo halitatoka Nairobi pekee.

Ili kuelewa uamuzi wa Tottenham, ni vyema kurejelea yaliyotokea Wembley. Mnamo Oktoba 28, 2007, miezi michache baada ya uwanja huo kufunguliwa upya, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilicheza hapo mechi yake ya kwanza ya msimu kuwahi kufanyika Ulaya. Timu ya New York Giants ilikutana na Miami Dolphins huku mvua ikinyesha, na nyasi zikachimbuliwa vibaya. Chini ya mwezi mmoja baadaye, Novemba 21, Uingereza ilihitaji sare tu dhidi ya Croatia ili kufuzu kwa fainali za Ulaya za 2008. Ilishindwa mabao 3-2, na kocha Steve McClaren akafutwa kazi.

Si haki kudai kwamba nyasi ndizo zilizoiondoa Uingereza, kwani Croatia ilicheza vyema zaidi katika uwanja uo huo. Lakini hali ya uwanja ililalamikiwa sana, na katika miaka iliyofuata nyasi za Wembley zililazimika kubadilishwa mara kadhaa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa methali hiyo haikuhitaji kufasiriwa.

Tottenham yenyewe ilionja machungu hayo. Wakati uwanja wake ulipokuwa ukijengwa, klabu hiyo ilihamia Wembley. Oktoba 28, 2018, timu za NFL za Philadelphia Eagles na Jacksonville Jaguars zilicheza hapo. Usiku uliofuata, Tottenham ilikuwa mwenyeji wa Manchester City katika uwanja huo, huku mistari na nembo ya mchezo wa jana yake ikionekana waziwazi kwenye nyasi zilizochakaa. Riyad Mahrez aliifungia City bao la pekee. Mashabiki waliotazama kwenye runinga waliona wazi jinsi mpira ulivyorukaruka kila ulipopigwa chini.

Mpango wa uwanja mpya ulitangazwa 2008, wakati huo ukiwa wa kandanda tu. Ni Julai 2015 ambapo klabu ilitia saini mkataba wa miaka 10 na NFL wa kuandaa angalau mechi mbili kila mwaka, na michoro ikabadilishwa kulingana na mkataba huo kabla ya ujenzi kukamilika. Huo ndio utaratibu unaostahili kuzingatiwa: aliyetarajiwa kuutumia uwanja alijulikana, akatia saini, kisha uwanja ukajengwa kwa vipimo vyake.

Matokeo yake ni uwanja wenye sakafu mbili. Ya juu ni ya nyasi za kawaida, imegawanywa katika vipande vitatu vikubwa vyenye uzani wa zaidi ya tani 3,000 kila kimoja. Siku ya futiboli ya Kimarekani inapokaribia, vipande hivyo husukumwa kwa mitambo hadi chini ya jukwaa la kusini, kazi inayochukua kama dakika 25. Chini yake hubaki uwanja wa nyasi bandia. Uwanja huo wa pili uko chini kidogo kwa makusudi. Katika mchezo huo wachezaji wa akiba na makocha ni wengi na husimama kandokando ya uwanja, kwa hivyo sakafu ikiinuka watazamaji wa safu za mbele hawataona kitu. Hata vyumba vya kubadilishia mavazi ni tofauti, kwa kuwa kikosi cha NFL kina wachezaji 53.

Mechi ya kwanza ya NFL hapo ilichezwa Oktoba 6, 2019, Oakland Raiders ikiilaza Chicago Bears 24-21. Sakafu hiyo ya chini imetumika pia kwa shughuli nyingine. Septemba 2021 Oleksandr Usyk alimpokonya Anthony Joshua mataji yake ya ndondi hapo, na 2023 mwanamuziki Beyoncé akatumbuiza kwa siku tano. Nyasi za kandanda hazikuguswa.

Wakenya wana sababu ya kuukumbuka uwanja huo. Aprili 13, 2019, siku 10 tu baada ya kufunguliwa, Victor Wanyama aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars alifunga bao la kwanza katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Huddersfield.

Sababu ya gharama hiyo yote ni hesabu nyepesi. Klabu ya kandanda hucheza nyumbani kama siku 25 au 30 kwa mwaka. Siku zilizosalia, zaidi ya 300, jengo husimama likidai walinzi, umeme, maji na riba ya mkopo. Anayemiliki uwanja asipopata mtu wa pili wa kulipa, mzigo wote humwangukia yeye mwenyewe.

Au humwangukia mlipa kodi. Mfano wake uko London hiyohiyo, katika uwanja uliojengwa kwa Michezo ya Olimpiki ya 2012. Tottenham nayo iliwahi kuutaka, ikapendekeza kuubomoa na kuondoa njia ya riadha. Mnamo 2011 pendekezo hilo lilikataliwa na West Ham ikapendelewa, kwa sharti kwamba riadha ibaki. West Ham ilihamia hapo 2016 kwa mkataba wa miaka 99 na kodi ya takriban pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Lakini viti vya kufunika njia ya riadha vilikuwa vya kuhamishwa kila msimu, na kazi hiyo imegharimu mamilioni ya pauni, mbali kabisa na makadirio ya awali. Uwanja ni wa taasisi ya umma, kwa hivyo bili ni ya umma. Mgeni wa pili aliongezwa baada ya nyumba kukamilika, na mwenye nyumba ndiye aliyeumia.

Hata Tottenham haikukwepa lawama. Klabu ilibeba deni kubwa, na mashabiki walilalamika kwamba fedha zilielekezwa kwenye matofali badala ya wachezaji. Tangu 2008 haikushinda kombe lolote hadi Mei 2025 ilipotwaa Ligi ya Uropa kwa kuishinda Manchester United 1-0 mjini Bilbao. Aidha, kiwanda kimoja cha familia kilichokuwa kwenye ardhi ya ujenzi kilipinga kuhamishwa hadi kikashindwa katika Mahakama Kuu 2015.

Nchini Kenya, fahali wamekuwa wakirundikwa zizini bila hesabu. Uwanja wa Nyayo na ule wa Kasarani hutumiwa kwa kandanda, riadha, sherehe za kitaifa, ibada na hafla za serikali. Rais William Ruto aliapishwa Kasarani Septemba 13, 2022, na Rais mstaafu Mwai Kibaki aliagwa kitaifa Nyayo Aprili 29 mwaka huohuo. Hizi ni shughuli muhimu ambazo taifa haliwezi kuzikosa. Tatizo ni kwamba viwanja hivyo havina sakafu ya pili ya kubeba umati usiohusiana na mchezo.

Matokeo yalionekana Harambee Stars ilipogeuka mgeni wa kudumu. Juni 2024, kwa kukosa uwanja uliokubalika, Kenya ilikuwa "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi. Septemba mwaka huo ilipokea Zimbabwe jijini Kampala. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zilizoanzishwa miaka ya 1960 na zenye mashabiki wengi kuliko nyingine zote nchini, hazijawahi kuwa na viwanja vyao wenyewe.

Kwa kaunti ya Isiolo, somo si mitambo ya kusukuma nyasi. Hakuna kaunti inayoihitaji wala inayoweza kuimudu. Somo ni mpangilio. Kwanza, orodha ya watumiaji iandikwe kabla ya mchoro: timu za kandanda za wanaume na wanawake, wanariadha, shule, sherehe za Madaraka na Mashujaa, mikutano ya siasa. Kila mmoja ajulikane atatumia siku ngapi, na atalipa nini akiacha mashimo.

Pili, suala la maji. Isiolo ni eneo kame, na baina ya mwisho wa 2020 na 2022 kaskazini mwa Kenya palikosa mvua kwa misimu mitano mfululizo. Uwanja wa nyasi za kawaida unadai maji kila siku, na mfugaji aliyepoteza mifugo atauliza, kwa haki, kwa nini nyasi za mpira zinyweshwe. Nyasi bandia hazihitaji maji mengi, lakini huwa moto mkali juani na huchakaa, hivyo lazima zibadilishwe baada ya miaka kadhaa. Kila njia ina gharama, na wananchi wanastahili kuelezwa kabla ya zabuni kutolewa.

Tatu, ardhi. Isiolo imezoea ahadi kubwa tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Machi 2012, na mizozo kuhusu ardhi ya jamii si jambo geni huko. Ardhi ikitengwa kwa wingi wa kutosha, dawa rahisi kuliko ile ya London ni viwanja viwili: kimoja kilichozungushiwa ua kwa mechi rasmi, na kingine cha wazi kando yake kwa mikutano, mazoezi na sherehe. Jambo ambalo Tottenham ililifanya kwa tani elfu kadhaa za vyuma, kaunti yenye nafasi inaweza kulifanya kwa ekari chache na ratiba inayoheshimiwa.

Kuheshimu ratiba ndiko kugumu zaidi. Mkataba wa NFL na Tottenham una tarehe, malipo na wajibu ulioandikwa, na hakuna mwanasiasa anayeweza kupiga simu usiku akidai uwanja kesho yake asubuhi. Kaunti itakayoweza kumwambia mkubwa kwamba uwanja umeshakodiwa na timu ya wasichana wa shule, na mkubwa akakubali kwenda uwanja wa pili, haitakuwa na haja ya kuwatuma vijana wake kucheza ugenini kwa sababu ya nyasi.