Lubumbashi: Wachoraji wa kompyuta waache waridi la kuazima

Mwezi wa kumi ukifika, barabara nyingi za Lubumbashi zinafunikwa na maua ya jakaranda. Wakaaji wanayakanyaga wakienda kazini, watoto wa shule wanayaokota, na walinzi wa parseli wanayafagia asubuhi kabla bosi hajatoka. Wakati huohuo, katika vyumba vidogo vya komini za Kenya, Katuba na Kamalondo, ambamo vijana wanatengeneza mialiko ya ndoa, matangazo ya matanga na video za wanamuziki, ua linalotoka kwenye kompyuta ni lilelile la mwaka jana: waridi jekundu lililopakuliwa kwenye intaneti, lenye matone ya maji yasiyokauka.

Ufundi vijana hao wanao. Wengine wameshaacha kubandika foto juu ya foto na sasa wanafanya kazi ya 3D kwa programu ya Blender, ambayo ni ya bure. Mwaka 2002 watumiaji wake walichanga euro 100,000 kuikomboa kutoka kwa waliokuwa wanaimiliki, na tangu hapo yeyote anaweza kuichukua bila kulipa. Flow, filamu kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Kijana wa Katuba mwenye kompyuta ya mitumba anayo basi programu ileile. Tofauti inaanzia kwenye tekstura, yaani picha inayovikwa juu ya umbo tupu ili umbo hilo lionekane kuwa na ngozi ya kitu cha kweli. Hapo ndipo kazi nyingi za Lubumbashi zinapoharibika, na zinaharibika kwa sababu ua halikutazamwa.

Foto ya waridi iliyookotwa kwenye intaneti inakuja na jua lake. Aliyeipiga alikuwa na mwanga wa kushoto, labda saa nne asubuhi, na kivuli kimeshakaa ndani ya kila petali. Kijana akiiweka katika chumba cha arusi alichokijenga kwenye kompyuta, chenye taa upande wa kulia, ua linabaki na vivuli viwili vinavyopingana. Mteja hawezi kueleza kasoro ni nini. Anasema tu kwamba maua yanafanana na ya plastiki.

Na kweli ni plastiki, kwa maana petali haifanyi kazi kama karatasi iliyopakwa rangi. Ni nyembamba sana, na mwanga mwingine unapita hadi upande wa pili. Ndiyo maana ua likiwa kati ya jicho na jua linawaka kama taa. Ndani yake kuna nafasi za hewa zinazotawanya mwanga. Juu yake, katika maua mengi, seli zimeinuka kama koni ndogo zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazoipa petali ule ulaini wa mahameli. Mchoraji anayebandika rangi peke yake na kuongeza mng'aro anapata sahani. Anahitaji picha tatu angalau: moja ya rangi isiyo na kivuli, moja inayoonyesha pahali ambapo mwanga unapita na ambapo mishipa inauzuia, na moja ya mabonde na matuta.

Mti wa flamboyanti ni mtihani mzuri kwa anayejiita fundi. Ua lake lina petali tano, lakini si tano zinazofanana. Nne ni nyekundu au za rangi ya chungwa, na ya tano inasimama peke yake, nyeupe au njano, yenye madoadoa mekundu. Karibu kila mkaaji wa Lubumbashi amepita chini ya mti huo. Lakini mwambie kijana auchore kwenye kompyuta, atatengeneza petali moja, ataizungusha mara tano, na kwake kazi imekwisha.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio hapa. Butiki za fotokopi ziko kila pahali mjini, na mashine yenye skana ndani yake inamulika sawasawa, bila kivuli cha jua. Ua la jakaranda linaanguka likiwa zima, kama tarumbeta ndogo. Linapasuliwa kwa wembe upande mmoja, linafunguliwa, linafutwa maji, linalazwa juu ya kioo na kufunikwa na kitambaa cheusi. Hiyo ni picha ya rangi. Kwa picha ya mwanga unaopita, petali ileile inabandikwa kwenye kioo cha dirisha, nyuma yake karatasi nyeupe, na telefone inatosha. Karatasi nyeupe hiyohiyo inasaidia kurekebisha rangi, kwa kuwa telefone nyingi zinalitoa jakaranda likiwa bluu kuliko jicho linavyoliona. Kazi ifanywe mapema, maana ua lililoanguka asubuhi linaanza kusinyaa na kugeuka kahawia. Na zichukuliwe petali kumi au ishirini tofauti, pamoja na ile iliyotobolewa na mdudu. Petali moja safi iliyorudiwa mara mia inajitangaza yenyewe.

Kuna watakaosema kwamba jakaranda si mwenyeji pia. Ni kweli. Lilitoka Amerika ya Kusini, kama bougainvillea inayopanda kwenye kuta za parseli, na flamboyanti asili yake ni Madagaska. Lakini mti uliopandwa barabarani kabla babu hajazaliwa unajulikana na watu wa mji kwa harufu, kwa msimu na kwa utelezi wake mvua za kwanza zikinyesha. Mama anayepokea mwaliko wenye jakaranda iliyotengenezwa vizuri anajua ni mwezi gani na ni mji gani. Waridi lile la matone halimwambii kitu.

Upande wa sheria usisahauliwe. Foto inayoonekana kwenye intaneti ina mwenyewe. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na kazi inayouzwa kwa feza ndiyo ya kwanza kuletewa maswali. Kuna maktaba za tekstura zinazoruhusu kila matumizi bila malipo, kama Poly Haven, na hakuna ubaya kuzitumia kwa ukuta, mbao au mchanga. Vijana wa hapa wangeweza hata kutoa za kwao kwa masharti hayohayo. Mtu wa Brazili au wa Japani akitaka jakaranda ya Lubumbashi, aichukue.

Mji huu una historia katika jambo hili. Mwaka 1946, wakati bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Alikuwa na fikra za kikoloni kuhusu Waafrika, hilo lisifichwe, lakini alikataza jambo moja: wanafunzi wake kunakili picha za Ulaya. Aliwaambia watazame kinachowazunguka. Pilipili Mulongoy akajaza ndege na majani kwa nukta ndogondogo, Mwenze Kibwanga akajenga miili kwa mistari mifupi, Bela akapaka kwa ncha za vidole. Leo mtu angesema kila mmoja alijitengenezea tekstura yake mwenyewe. Kati ya miti waliyoitazama wao na ile inayosimama leo kando ya barabara hakuna umbali mkubwa, na ni aibu kidogo kwamba wajukuu wao wanakwenda kutafuta ua kwa kulipia megabaiti.

Jambo zito zaidi liko nje ya mji, kwenye vilima vya shaba. Udongo wake una shaba na kobalti nyingi kiasi kwamba miti mingi haiwezi kuota, na pahali hapo imejitokeza mimea yake ya pekee. Haumaniastrum katangense, yenye maua madogo ya zambarau, iliitwa ua la shaba. Watafutaji wa madini waliifuata, na wanaakiolojia waliitumia kupata pahali wazee walipoyeyusha shaba zamani. Hiyo ni sugu, inaota hata kwenye udongo uliochafuliwa. Lakini mimea mingine ya vilima hivyo haipatikani popote duniani isipokuwa Katanga, na mgodi ukila kilima, mimea inaondoka pamoja na mawe. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliandika juu ya uoto huo mwaka 1958, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaendelea kuuchunguza pamoja na wenzao wa Ubelgiji.

Picha ya kompyuta haiokoi mmea. Yeyote atakayeambiwa na kampuni kwamba kilima kimehifadhiwa kwa sababu kipo katika 3D, akatae. Hata hivyo, kijana anayejua kutengeneza petali kwa ukweli, yenye mishipa yake na mwanga unaopita, anaweza kuwaonyesha watoto wa shule za Katuba kile kilicho juu ya madini ambayo wanasikia habari zake kila siku nyumbani. Wengi hawajaona hata foto moja. Mtaalamu wa mimea anajua majina na misimu, mchoraji anajua mwanga na programu, nao wanaishi katika mji mmoja bila kufahamiana. Kwa kazi hiyo skana haitumiki, kwa sababu kwenye vilima hakuna kuchuma: kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya ua, siku yenye mawingu, telefone karibu, na mmea unaachwa umesimama.