Elimu ya Barabara: Maji Kwanza, Mzigo Baadaye

Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, bidhaa za mji huo zililetwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani. Njia ile ilikuwa na sifa mbaya. Mvua ziliposhika, magurudumu yalizama topeni, na safari ya siku chache ikawa ya majuma. Ng'ombe hawakuwa dhaifu; kilichokosekana ni njia ya maji kuondoka.

Jambo hilo ndilo msingi wa elimu ya barabara. Kijana anayesomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko huko Uasin Gishu, hufundishwa kwamba lami ni kama paa tu. Kinachobeba lori ni ardhi iliyo chini. Udongo mkavu ulioshindiliwa vema hubeba mzigo mkubwa. Udongo ule ule ukilowa hulainika kama uji. Kwa hiyo juu ya ardhi huwekwa tabaka la changarawe, kisha kokoto, kisha lami. Kila tabaka hutawanya uzito wa gurudumu, hata ukifika chini uwe umepungua nguvu.

Ili maji yasikae, barabara hupewa mgongo: katikati huinuliwa, kando hushushwa. Kwa kila mita moja kuelekea ukingoni, lami hushuka kiasi cha sentimita 2 na nusu, na barabara ya changarawe hushuka zaidi. Maji huingia katika mitaro, na penye bonde hupitishwa chini ya barabara kwa kalvati.

Hapa ndipo mkulima anapohusika. Mtu hutaka kuingiza trekta shambani, akafukia mtaro kwa udongo bila kuweka bomba. Mwingine hutupa mabua ya mahindi humo. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia, hupenya chini ya lami, na kila gurudumu linalopita huyasukuma yachimbe zaidi. Ufa huwa shimo, na shimo huwa handaki. Mwezi wa mavuno lori la mahindi halifiki, na mgonjwa hachukuliwi kwa wakati.

Adui wa pili ni mzigo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wataalamu wa Marekani waliendesha malori mfululizo juu ya barabara za majaribio huko Ottawa, Illinois. Waligundua kwamba uzito wa ekseli, yaani mti wa chuma unaoshika magurudumu, ukizidishwa mara mbili, uharibifu huzidi kama mara 16. Hata ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu huongezeka maradufu. Basi faida ya magunia machache ya ziada hulipwa na watu wote. Ndiyo sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa pamoja na shehena yake.

Eldoret yaijua taabu hiyo, maana malori ya kwenda Uganda yalikuwa yakipita katikati ya mji. Kwa ajili hiyo ilijengwa barabara ya mchepuko ya kilomita 32 hivi, kutoka Cheplaskei kupitia Kapseret hadi Leseru. Walakini mchepuko nao una mitaro, na mitaro hiyo nayo yataka kuzibuliwa.

Yafaa basi kila mwenye shamba kando ya njia asafishe mtaro wake kabla ya mvua za Machi. Anayetaka kivuko aulize kwanza ofisi ya barabara, kisha aweke bomba la kutosha. Kazi ya jembe kwa asubuhi moja huokoa kazi ya mashine kwa mwezi mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.