Cha Asili Nacho Hudhuru

Imani kwamba dawa ya asili haina madhara imeota mizizi katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya. Kuanzia Nyeri, Karatina na Othaya hadi Kerugoya, Embu, Nanyuki na Meru, mwanamke aliyechoshwa na sindano ya kupanga uzazi, kijiti cha mkononi au vidonge vya kutuliza dalili za kukoma hedhi hupewa ushauri ule ule: aachane na homoni za hospitali, anywe mitishamba, maana cha asili hakidhuru. Ushauri huo hutoka kwa jirani, kwa wenzake wa chama, kwa muuzaji sokoni na kwenye matangazo ya redio. Mara nyingi hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo si kweli, na anayeufuata huweza kuyakimbia madhara yanayojulikana akaangukia yasiyojulikana.

Malalamiko yenyewe ni ya haki. Sindano ya Depo-Provera, yenye miligramu 150 za homoni na inayodungwa kila baada ya miezi mitatu, huvuruga hedhi katika miezi ya mwanzo, na ikitimia mwaka hedhi huwa imekatika kabisa kwa karibu nusu ya watumiaji. Baadhi yao hunenepa. Uimara wa mifupa hupungua, ingawa kwa sehemu kubwa hurejea sindano ikiachwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 uliihusisha sindano hiyo, ikitumiwa mwaka mmoja au zaidi, na ongezeko la uvimbe wa utando wa ubongo, ugonjwa ambao ni nadra. Vijiti navyo huleta matone ya damu yasiyo na ratiba, maumivu ya kichwa na chunusi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya walioanza njia ya kupanga uzazi waliiacha kabla ya miezi 12 kwisha, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa madhara. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta Embu ikiongoza nchini, robo tatu ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa. Jambo hili basi limeingia karibu kila nyumba.

Lawama ya kwanza inastahili kwenda kwenye vituo vya afya. Mama anayeeleza kwamba ametokwa na damu wiki tatu mfululizo akajibiwa "utazoea" hajatibiwa. Anayeomba kijiti kitolewe akaambiwa arudi muda wake ukiisha amenyimwa haki yake, kwa kuwa kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja huduma ya afya ya uzazi waziwazi. Muuzaji wa mitishamba humpa kiti, humsikiliza na kumwita mama. Nguvu yake kubwa iko hapo. Lakini kusikilizwa ni jambo moja na kupona ni jambo jingine.

Dai linalouza zaidi ni la kusafisha mwili: kwamba homoni zimeganda ndani na lazima zitolewe kwa dawa ya kunywa, au kwamba damu isiyotoka imejaa tumboni. Hakuna damu iliyojaa. Sindano huufanya utando wa mji wa mimba ubaki mwembamba, na pasipo utando mnene hakuna cha kumwaga kila mwezi. Homoni ya sindano nayo hukaa kwenye msuli kama chembe ndogo sana zinazoyeyuka polepole, na hakuna kinywaji kinachojulikana kuziharakisha. Kwa wastani mwanamke hushika mimba karibu miezi kumi baada ya sindano ya mwisho. Anayeanza kunywa mitishamba mwezi wa nane akapata mimba mwezi wa kumi huisifu chupa, ilhali kazi imefanywa na wakati. Ndivyo ilivyo pia kwa matone ya damu ya miezi ya mwanzo, ambayo kwa wengi hupungua yenyewe. Ushuhuda mwingi unaosikika sokoni na redioni ni wa kweli kwa tukio na si wa kweli kwa sababu.

Kijiti ndicho kinachoweza kutolewa, na hakitolewi kwa dawa ya kunywa. Muuguzi hupapasa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, mpaka akipate. Hudunga ganzi kidogo, hukata mkato wa milimita mbili au tatu, husukuma ncha moja kwa kidole na kuivuta nyingine kwa koleo ndogo. Kinachotoka kwa aliyewekewa Implanon ni kijiti kimoja laini cha sentimita nne. Baada ya wiki moja, homoni yake haipatikani tena kwenye damu ya wanawake wengi. Huko ndiko kusafisha mwili kunakothibitika.

Msingi wenyewe wa imani hii, yaani kutenga homoni za kiwandani na vitu vya asili, hausimami. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni nchini Mexico kutokana na viazi vikuu vya porini, na mwaka 1951, katika kampuni ya Syntex nchini humo, ikatengenezwa norethisteroni, moja ya homoni za kwanza za vidonge vya kupanga uzazi. Homoni hizo zilianzia kwenye mmea. Badiliko lilifanyika maabara, wala mwili wa binadamu hauwezi kulifanya. Kwa hiyo unga wa kiazi kikuu unaouzwa kama "projesteroni ya asili" hauwi projesteroni tumboni. Premarin, dawa ya dalili za kukoma hedhi iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, ilitolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Ni vigumu kupata homoni ya asili kuliko hiyo. Na ndiyo hiyo, ikichanganywa na homoni nyingine, iliyofanya utafiti mkubwa wa Marekani usimamishwe mwaka 2002: kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 na kiharusi kwa 8, huku kuvunjika nyonga kukipungua kwa 5. Asili yake haikumlinda mtu. Kilichowaambia wanawake ukweli ni kuhesabu na kulinganisha.

Kenya ina mfano wake, na ni mchungu zaidi. Vidonge vinavyojulikana kama Sophia, vinavyoingizwa kutoka China bila kusajiliwa, vimeuzwa kwa wanawake kama mitishamba ya kupanga uzazi, kimoja kwa mwezi. Vipimo vilikuta ndani yake levonorgestrel na quinestrol, homoni za kutengenezwa. Madaktari walieleza kuhusu watoto wachanga walioota matiti baada ya kunyonya kwa mama waliovimeza. Wanawake hao walikuwa wakikimbia homoni, wakauziwa homoni nyingi zaidi chini ya jina la majani.

Hata mmea usiochanganywa na kitu una nguvu zake. St John's wort, unaouzwa katika vidonge vya lishe, huliamsha ini livunje homoni haraka, na mwenye kijiti au anayemeza vidonge vya uzazi anaweza kushika mimba bila kujua kwa nini. Black cohosh, unaotangazwa kwa wanawake waliokoma hedhi, umehusishwa na visa vya kuharibika kwa ini. Sasa itazamwe chupa ya kawaida ya sokoni: chupa ya maji ya nusu lita iliyotumika, maji ya kahawia, kifuniko kilichokazwa kwa karatasi ya plastiki. Haina jina la mmea, haina kipimo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mnywaji akipata manjano ya macho, daktari hana pa kuanzia.

Hii si hoja dhidi ya miti ya mlima. Gome la muiri, mti wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, limetumika tangu zamani kwa wanaume wenye shida ya kukojoa. Lilipopelekwa Ulaya likapimwa, likatolewa kwa dozi maalumu na kulinganishwa na kidonge kisicho na dawa, likaonyesha nafuu ya wastani kwa wenye tezi dume iliyovimba. Hivyo ndivyo mti unavyokuwa dawa. Biashara yake ilikua kiasi kwamba mwaka 1995 mti huo uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Na bado gome hilo halitibu saratani ya tezi dume. Anayelichemsha bila kupimwa huenda anachelewesha matibabu. Njahi nazo, chakula cha heshima cha mama aliyejifungua, zina protini na madini, na mikunde kwa jumla ina viasili vinavyofanana na estrojeni kwa udhaifu. Ni chakula kizuri. Hazichukui nafasi ya tiba.

Njia zisizo na homoni zipo, na ndizo zinazostahili kutajwa kwanza kwa anayezitaka. Koili ya shaba haina homoni hata chembe, huzuia mimba kwa miaka 10 au zaidi, na wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki mmoja kwa mia. Kasoro yake ni hedhi nzito na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kunyonyesha pekee hukinga vizuri kwa miezi sita, mradi hedhi haijarudi. Kuhesabu siku, yaani kujiepusha kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, kunamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Aliyetoka kwenye sindano asubiri mzunguko utulie. Kondomu hukinga na magonjwa pia.

Kwa aliyekoma hedhi, ikumbukwe kwamba washiriki wa utafiti ule wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, mwenye joto la ghafla linalomnyima usingizi, faida ya homoni kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu asizitumie. Kwake kuna dawa nyingine zisizo za homoni, ushauri nasaha wa kukabiliana na dalili, na vilainishi vya uke. Kutembea, kubeba uzito na kula vyakula vyenye kalsiamu husaidia mifupa ya kila mmoja.

Wajibu unagawanyika. Kituo cha afya kieleze madhara kabla ya sindano, si baada yake, na kiondoe kijiti siku mwenyewe anapoomba. Anayepata maumivu makali ya kichwa, kifua kubana, mguu kuvimba au damu nyingi aende hospitali siku hiyo hiyo, na amtajie daktari kila mmea anaokunywa. Madhara yaandikwe kwenye fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, iwe yametokana na kidonge au na chupa ya sokoni. Kaunti zikague kinachouzwa kwa jina la asili kwa ukali ule ule unaotumika katika duka la dawa, kwa sababu mwili unaokipokea ni ule ule.