Lengalenga: Usikate Zote, Acha za Mbegu



Katika ukurasa wetu wa bustani juma hili tunaongea juu ya lengalenga. Wengine watasema: lengalenga nani hajui kuilima? Ni kweli, inaota hata kando ya njia. Lakini kila mwaka, mvua ya mwezi wa tisa inapoanza, wengi wetu tunaenda sokoni kununua kijiko cha mbegu. Tunamwaga, tunangoja, na mara nyingine hakuna kinachotoka. Mbegu ilikuwa ya zamani, au ilivunwa ikiwa haijakomaa. Franka zimekwenda, na majuma mawili ya mvua yamekwenda nazo. Watoto wanakula bugali na chumvi wakati udongo umelala bure.

Dawa yake ni mama kuwa na mbegu yake mwenyewe. Tuanze na kupanda, kisha tufike kwenye mbegu.

Kupanda

Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana: gramu moja ina mbegu zaidi ya 1 000. Kwa hiyo haitaki kufukiwa chini kama maharagi. Lima tuta la upana wa meta 1, vunja mabonge yote, changanya mbolea ya mbuzi au ya sungura iliyooza vizuri. Mbolea mbichi inaunguza mizizi.

Kwa tuta la meta 3 urefu, kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha. Kichanganye na kikombe cha mchanga mkavu, ndipo umwage katika mistari. Mchanga unasaidia mkono usimwage mbegu zote mahali pamoja. Funika kwa udongo mwembamba, usiofika sentimeta 1, kisha tandaza majani makavu juu yake. Mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo ulilolitoboa matundu madogo, maana maji ya ndoo yanahamisha mbegu.

Kule Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, kuna joto. Miche inaonekana kwa siku 3 hadi 5. Bukavu na milimani kuna baridi, inaweza kupita juma. Mara miche inapotokeza, ondoa yale majani makavu, vinginevyo inarefuka bila nguvu na kuoza shingoni.

Ikifika urefu wa kidole, punguza. Usitupe unayong'oa: pika, au hamishia tuta lingine jioni jua likipungua. Baada ya majuma 4 au 5 unaanza kukata. Kata shina juu kidogo, uache majani ya chini, nalo litatoa matawi mapya. Hivyo tuta moja linakulisha mara kadhaa. Usiliache likauke: lengalenga yenye kiu inaharakisha kutoa maua, na majani yanakuwa magumu.

Kuchagua mama wa mbegu

Hapa ndipo roho ya mama inajaribiwa. Tangu mwanzo chagua mashina kama 10 au 20 yaliyo mazuri kuliko yote, uyafungie kamba ya rangi, na usiyakate hata siku moja. Ni vigumu. Nyumba ina njaa, na majani mapana yako mbele ya macho. Wengi tunakula mazuri na kuachia mbegu yale madhaifu yaliyosalia, au lile shina lililotoa maua mapema. Mwaka unaofuata tunashangaa kwa nini lengalenga yetu inachanua kabla ya kuzaa majani. Imefanana na mama yake. Shina la mbegu liwe lenye majani mengi, lisilo na ugonjwa, na lililochelewa kutoa maua.

Waambie watoto na jirani maana ya ile kamba, ili mtu asije akakata bila kujua. Yape mashina hayo nafasi ya sentimeta 30 hadi 40, na ng'oa lengalenga ya pori iliyo karibu. Upepo unabeba unga wa maua, na mbegu yako inaweza kuchanganyika nayo.

Kuvuna na kutunza

Usingoje kichwa kikauke chote, maana mbegu zitaanguka chini na ndege watakula. Sugua kichwa kidogo juu ya kiganja: zikidondoka mbegu ngumu zenye kung'aa, wakati umefika. Kata vichwa asubuhi siku isiyo na mvua, vitandaze juu ya kitambaa safi mahali penye upepo na kivuli kwa siku kadhaa. Kisha vipige, na upepete mbegu kwa ungo.

Anika tena mpaka zikauke kabisa. Zitie katika chupa kavu yenye kifuniko kizuri, andika mwezi na mwaka, weka mbali na moshi na joto la jiko. Mbegu zilizofungiwa na unyevu zinaota ukungu.

Kabla ya kupanda, jaribu. Weka mbegu 50 juu ya kitambaa chenye maji, kifunike, usiache kikauke. Baada ya juma moja hesabu zilizoota. Zikiwa 40, furahi. Zikiwa chini ya 25, ongeza kipimo mara mbili au utafute nyingine. Jaribio hili halina gharama, nalo linakuokolea majuma mawili ya mvua.

Jikoni

Lengalenga ina madini ya chuma na vitamini A. Chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza, kisha tia mawese, maana vitamini A inataka mafuta ili mwili uipokee. Nyanya au limau vinasaidia mwili kupokea chuma. Ongeza ndagala au maharagi, mtoto apate cha kujenga mwili. Lakini mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana, mboga peke yake haitoshi: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa vikundi

Shina moja linatoa maelfu ya mbegu, kwa hiyo hakuna mama anayehitaji mbegu zake zote. Tunavyochangishana pesa katika likelemba, ndivyo tunavyoweza kufanya kwa mbegu: wamama watatu wa kikundi watunze mashina msimu huu, wagawie wenzao kijiko kimoja kimoja, na msimu ujao watunze wengine watatu. Mvua ikiharibu kwa mmoja, au mmoja akilazimika kuhama nyumba ghafula, mbegu ya kikundi haipotei. Ipo kwa mwenzake.

Wenye tuta la lengalenga leo, shukeni bustanini na kamba mkononi kabla ya kushika kisu.

Tukutane juma lijalo.