Daftari la Wiki: Kijiji ni Zamu

Jumatatu. Kwetu Sigalagala, magharibi mwa Kenya, hakuna bahari. Maji makubwa ya karibu ni Ziwa Victoria, nalo hutufikia likiwa limekauka: omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya gunia, juu ya matatu kutoka Kisumu. Pale njia ya Butere inapochepuka kutoka barabara ya Kisumu–Kakamega, mama muuza omena hupima kwa gorogoro. Akishajaza, hugonga ubavu wa kopo mara mbili, omena washuke, kisha huongeza konzi moja juu. Leo hakugonga. Nikamtazama.

"Usiniangalie hivyo, baba. Ziwa limekuwa kali wiki hii."

Nikalipa. Upepo uliovuma huko ziwani umefika hadi kwenye sufuria yangu.

Jumanne. Mvua ya alasiri ilitukuta kwenye steji ya bodaboda. Vijana walikimbilia baraza la kibanda cha chapati, pikipiki zikabaki nje zimepangana, zinalowa. Akaja msichana wa chuo, mwavuli mkononi. Kijana mgeni, ambaye pikipiki yake ilikuwa ya tano, akaruka mbele kumpokea begi. Hakuna aliyempigia kelele. Mzee mmoja wa steji alimwambia tu yule msichana, "Panda ile ya kwanza, mama," na mgeni akarudi barazani kujipangusa uso.

Nilifikiri: wanafunzi ndio maji yetu ya kujaa na kupwa. Tangu taasisi yetu ya ufundi ipandishwe hadhi kuwa chuo cha kitaifa mwaka 2016, kalenda ya soko huifuata ile ya muhula. Chuo kikifunguliwa, vyumba vya kupanga hujaa na unga wa chapati huisha kabla ya saa mbili usiku. Kikifungwa, hata mbwa wa sokoni hukonda.

Alhamisi. Nimesoma habari za vijiji vya pwani ya Uholanzi, nchi ambayo takriban robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Katika enzi za kati wakulima wa huko waliunda mabaraza ya maji ya kutunza matuta yanayozuia mawimbi. Mabaraza hayo ni makongwe kuliko ufalme wenyewe, na hadi leo wananchi huyapigia kura. Si mchezo: usiku wa kuamkia 1 Februari 1953, bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi, ikaua watu 1,836.

Zamani kila mkulima alikuwa na kipande chake cha tuta. Aliyeshindwa kukitunza alichomeka sepetu yake pale tutani na kuondoka. Atakayeichomoa, shamba ni lake, na mzigo wa tuta ni wake pia.

Wao wanahangaika maji yasije, sisi tunahangaika yasikauke. Lakini chemchemi yetu ya bondeni nayo ina bomba, ukuta wa saruji, mtaro wa kutoa maji na orodha ya nyumba zinazoufyeka kwa zamu. Orodha hiyo haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua.

Jumamosi. Nimeamshwa alfajiri na ngoma za isukuti. Fahali wa kijiji alikuwa akisindikizwa kwenda uwanjani. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Waisukha na Waidakho, jamii za huku kwetu, wakawatafutia uwanja wa kupigana. Hakuna mkuki wala kitambaa chekundu. Atakayegeuza mgongo na kukimbia ameshindwa, basi.

Ngoma za isukuti ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na tangu 2014 UNESCO imeiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mimi nilitazama jambo moja dogo. Aliyebeba ngoma kubwa alichoka mlimani. Mwenzake akaingiza bega chini ya mkanda, akapiga naye mapigo mawili matatu, ndipo wa kwanza akajitoa. Ngoma haikukatika hata pigo moja. Fahali yule ana mwenyewe, anayemlisha na kumgharamia, lakini njia nzima watu walisema "fahali wetu".

Nikawafuata. Nilirudi jioni, sauti imenikauka.

Jumapili. Nimekwenda chemchemini na jerikeni, nikakuta mtaro umefyekwa nusu. Ile nusu nyingine majani yamelala ndani ya maji. Pale kazi ilipoishia palikuwa na jembe limechomekwa wima: jembe langu, nililomwazima jirani mwezi uliopita. Jumamosi ilikuwa zamu yangu na yake.

Jirani yangu, mama wa makamo, hajawahi kusikia habari za matuta ya Uholanzi. Nilipomuuliza kwa nini hakunirudishia jembe nyumbani, alicheka.

"Nyumbani ungelipokea tu, mwanangu. Hapa utalichomoa."

Nimelichomoa. Mikono ina malengelenge, ndiyo maana daftari la leo ni fupi.